Kisanduku cha Jina la Kienyeji

Karatasi zetu ni magazeti ya mwaka juzi.
Jani la mpapindi lililazwa juu ya bei ya karafuu,
na leo asubuhi, tulipolifunua,
tarakimu zilikuwa zimehamia mgongoni mwake.
Ndivyo Pemba inavyosafiri, nilimwambia Hanitra,
haiondoki bila bei.

Hanitra katoka Antananarivo.
Kwao, asema, mpapindi una ndugu tele;
huu wetu wa Ngezi ni binti aliyeolewa ng'ambo
akasahau njia ya kurudi.
Jochen ni Mjerumani, lenzi shingoni kama hirizi.
Tunaelewana kwa Kiswahili cha kuokoteza,
Kilatini cha kusoma,
na kidole.

Fomu ina visanduku kumi na vinne.
Kimo. Udongo. Rangi ya ua kabla halijakauka,
maana likikauka linasahau.
Jina la kienyeji: nafasi ya sentimita nne.
Makangale walinipa jina.
Konde wakalicheka, wakanipa jingine.
Bi Mgeni Shaame alikuwa akipepeta mchele, hakuinua uso:
"Huo hauna jina. Huo huchumwa tu,
mtoto akichelewa kutambaa."
Niliandika: *hauna jina*. Nikafuta.
Niliandika: *huchumwa*.
Unachanganywa na nini, hakusema,
nami sikuuliza mara ya pili.

Kifauongo ndicho kilichotuchekesha.
Tulikigusa, kikafa, kama ada yake.
Tukakibana kwa mbao, tukakaza mikanda,
tukakiweka juu ya jiko la mafuta siku tatu.
Kikafa kweli.
Nikaandika jina lile lile. Mkono ulikuwa mzito.

Usiku Jochen akafungua picha kwenye kompyuta:
tawi la mti ule ule tulioupanda Jumanne,
lakini la miaka mia na kumi iliyopita,
hudhurungi, limeshonwa kwa uzi mweupe.
*Mkusanyaji*, kisha jina la bwana mmoja
kwa mwandiko wa kuinama, wa mtu asiye na haraka.
Kombo Asaa, mpandaji wetu, aliitazama sana.
Magoti yake yalikuwa bado yana utomvu.
Akauliza moja tu:
"Bwana huyu alipanda na viatu?"

Hanitra alinitazama nimfasirie.
Nilichelewa kidogo.

Nakala ni tatu.
Moja Dar es Salaam, moja Ujerumani,
moja inabaki Wete, katika kabati lisilofungika mlango
mpaka uusukume kwa goti.
Mstari wa mkusanyaji ni mfupi,
ulipimwa kwa jina la mtu mmoja.
Nimeanza na Hanitra, nikamweka Jochen,
nami nikajibana kwa herufi mbili.
Na jina la Kombo Asaa, katika nakala zote tatu,
limekosa pa kukaa,
likakata kona, likaparamia ukingo wa karatasi
hadi juu kabisa,
peku.