Ndoo Ule

Filamu yangu ina dakika tatu na sekunde kumi na moja.
Ndani yake mama anashona kofia.
Hakuna zaidi: sindano, uzi mweupe,
na mwanga wa kiwanda unaoshuka saa nne asubuhi
ukakaa magotini pake
kama mgeni aliyeizoea nyumba.

Niliikata kwa usiku sita, nikishafunga duka la misumari la ami,
kwa kompyuta ya kuazima isiyo na herufi ya K.
Kazi nzima nimeihifadhi kwa jina la *Ofia*.

Usiku wa saba nikawatumia wenzangu.

Tuko wanne, hatujawahi kuonana.
Bwanaheri wa Faza hukata mpira wa mtaani
na kila bao hulipunguza kasi, hata lililokataliwa.
Nyevu wa Maweni, Malindi, hutengenezea tangazo matairi ya mjomba wake
mpaka unayaogopa matairi.
Tima wa Kizingitini hukata harusi, upande wa wanawake,
kwa hiyo kazi zake bora hatutaziona kamwe;
hutusimulia tu: hapa hina, hapa kiganja,
hapa nimezima taa wakabaki na vigelegele.

Kanuni yetu ni moja: usiseme "safi".
Safi, alisema Tima, ni neno la sabuni.

Bwanaheri: "Punguza kasi sindano inapozama."
(Kwake kila kitu ni penalti.)
Tima: "Sekunde ya arubaini mkono unainuka, kisha haupo.
Umeupeleka wapi?"
Nyevu: "Muziki unamwamrisha mama yako alie.
Yeye halii."

Hilo la Nyevu liliniuma siku mbili.
Siku ya tatu nikauondoa muziki,
na kumbe chini yake ilizikwa nyumba nzima:
bomba linadondoka,
jirani anabishana na redio,
uzi unapita kitambaani, sss, sss,
sauti niliyolala nayo miaka ishirini na miwili
bila kuisikia.

Kisha nikaufuata mkono.
Nikarudi kwenye picha ghafi, nikaukuta:
unaweka sindano,
unafunua kawa juu ya sahani,
na mama anainua macho, haitazami kamera,
ananitazama mimi niliye nyuma yake.
"Ndoo ule."

Sekunde nne.
Nilizitupa usiku ule wa kwanza, hata sikufikiri,
kama mtu anavyotoa mwiba wa samaki mdomoni
huku anaendelea na mazungumzo.

Nikazirudisha.

Nyevu alijibu kabla ya adhana:
"Sasa inapumua. Lakini hiyo ndoo iko wapi?
Nimetazama mara tano, siioni.
Tena mwambie mama, kwa heshima zote,
ndoo ni *ile*, si *ule*."

Bwanaheri akaandika kwa herufi kubwa:
NJOO! ANASEMA NJOO! HIKI NI KIAMU, WEE!
Tima akatuma sauti, kicheko kitupu,
sekunde kumi na tisa, hakijakatwa popote.
Nyevu kimya.
Halafu: "Basi usiweke maandishi chini.
Asiyejua, muache atafute ndoo."

Jioni nikamwonyesha mwenyewe.
Aliishika simu mbali na uso, kama anayepima kitambaa.
"Mkono wangu haukimbii hivi," akasema.
Na baadaye, sindano ikiwa tena kazini:
"Siku ile, ulikula?"

Sikumbuki. Picha haionyeshi.
Ila najua sekunde ya tano ina nini,
ile inayofuata "ule":
ni sauti yangu.
*Mama, subiri, narekodi.*

Hiyo bado nimeikata.
Namngojea Tima aniulize.