Silinda ya Tatu

Mwezi wa sita, alfajiri ya Katuba,
Lubumbashi nzima inatoa mvuke mdomoni.
Pijo ya baba inakohoa,
inakohoa tena,
inanyamaza.

Navuta choki. Kibanio cha nguo
alichokibana hapo isirudi
kipo bado, springi imeota kutu.

Nafungua plagi:
ya kwanza kahawia, ya pili kahawia,
ya tatu nyeusi, imelowa petroli
kama mtoto aliyekojoa akasingizia mvua.
Ndani ya kifuniko cha distribyuta, umande.
Naupangusa kwa pindo la kitenge.

Mama Kyungu, dirishani:
“Si uwauzie wa vyuma chakavu!”

Ufunguo.

Moja, kimya, nne, mbili.
Moja, kimya, nne, mbili.
Moja,

tatu.

Kibanio sikitoi kwanza.
Ipate joto.