Ukurasa wa Thelathini na Moja

Tartu, mwezi wa pili. Kioo cha dirisha kimeota barafu
yenye matawi, yenye vishipa,
na Helve ananionya: usilichore hilo,
hayo ni maji tu yanajifanya mmea.

Miaka ishirini nimechora haragwe lilelile,
limepasuliwa kama samaki wa kukaushwa.
Mishale saba, majina saba.
Wanafunzi wakayameza, wakayatapika siku ya mtihani,
wakaenda zao kula maharage
pasipo kuyatambua sahanini.

"Hiki," anasema Helve, "kitanyweshwa maji."

Ukurasa wa thelathini na moja hauna picha yangu.
Ni karatasi ya kufyonza, nene kama blanketi,
na ndani yake mbegu za kitani, bapa, za kahawia,
zimelala kati ya sura ya pili na ya tatu.
Lowesha. Funga. Weka juu ya kabati.
Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: Umeona nini?

Mpiga chapa alinung'unika: karatasi hii inakunywa wino wangu.
Mkaguzi wa wizara, Bwana Pihlak,
alikipindua kitabu kama mtu atafutaye bei.
"Majibu yako wapi?"
"Yanachipua," alisema Helve.
Bwana Pihlak hakucheka. Aliandika kitu, akakipigia mstari.

Kisha ikaja simu kutoka ghala la shule, Võru:
panya wamesoma nakala arobaini,
wamemaliza sura ya pili, neno kwa neno.
Usanisinuru wameuacha. Hawakuona ladha.

Nikasema basi, turudi kwenye haragwe.
Helve akavaa koti, akatoka, hakuniaga.

Barua ilifika Machi, imeandikwa kwa penseli,
bahasha ina unyevu, inanuka kama shimo la viazi.
Oskar Lepasaar, darasa la sita:

Mzizi ulitoka kwanza. Nikakisimamisha kitabu kichwa chini,
nao ukapinda. Nikakigeuza tena, ukapinda tena.
Sasa umejikunja kama nyoka aliyesahau safari.
Kule gizani, kati ya kurasa,
nani aliuambia chini ni wapi?
Samahani, sura ya tatu imeoza.

Helve aliisoma amesimama, theluji mabegani.
Akanisogezea taa.

Nilichora mzizi wa Oskar, na mapindo yake yote mawili.
Mkono ukaenda wenyewe kutafuta mahali pa mshale.
Nikauzuia.