Ruksati

Usiku wa kuamkia Jumapili, Bi Nasrini wa duka la misumari
alinigongea: "Shoga, kesho ruksati ya Shagufta.
Niazime sinia lako kubwa."
Nikampa sinia. Neno nikabaki nalo.

Nilidhani kasema ruksa.
Ruksa ya nani, na aombwaye nani,
mahari imeshalipwa, shekhe ameshakula biriani?

Akacheka, kisha hakucheka.
Kwao, kwa Kiurdu, ni ile saa
binti anapovuka kizingiti, na akirudi harudi ila mgeni.
"Asili yake Kiarabu," akasema, "kama hilo lenu.
Liliondoka likiwa idhini tu.
Lilipofika kwetu likajifunza kulia."

Marehemu baba aliniachia kamusi iliyoliwa na mchwa.
Nikaifunua kwa taa ya simu: ra, kha, sadi.
Ruhusa imo. Na ubavuni mwake, tumbo moja,
rahisi:
kitu cha bei ndogo, kitu laini mkononi.
Nikaifunga.

Sisi wa Langoni neno la namna hiyo hatuna.
Kwetu nyumba ni ya binti; mume ndiye ajaye,
na sanduku lake, na viatu vyake,
akaonyeshwa msumari wa kutundikia kanzu.
Wangu aliutumia miaka tisa,
kisha akenda Maskati. Hakuomba ruksa.
Msumari ungalipo.

Jumapili nikaenda kutazama.
Tariki aliunyanyua msahafu juu ya kichwa cha dadake,
mkono ukimtetemeka kwa uzito,
au si kwa uzito.
Shagufta akarusha mchele nyuma yake bila kugeuka,
konzi moja, konzi ya pili,
mama mtu akikinga kwa mtandio.
Ya tatu ilimpita,
ikatawanyika mgongoni mwa punda wa kubeba saruji
aliyekuwa amesimama tu, hana habari.
Boti ya Mokowe inanguruma gatini.
Sikumsikia yeyote akisema nenda.

Jioni sinia likarudi, limesuguliwa linang'aa,
ila punje mbili zimeganda ukingoni.
Nilitaka kumpa habari ya kamusi,
kwamba ruhusa na rahisi walinyonya titi moja.
Nikamtazama uso.
Mtandio ulikuwa bado umefungwa fundo,
mzito kwa chini.

Nikamwambia keti,
chai i tayari.