Viti Vipya kwa Jina

Boliti nne zimegoma kwa kutu. Ya tano imekubali
baada ya mafuta, nyundo
na tusi moja la lugha ya babu yake.
Ostap Hrycak, Saskatchewan, nyuzi kumi chini ya sifuri,
anang'oa benchi la pikapu ya mwaka sabini na nane
kwa ajili ya mgongo.

Viti vipya, vipya kwa jina tu,
vimetoka kwenye gari lililopinduka karibu na Yorkton.
Vina pa kuegemeza kichwa, na waya wa manjano
unaotafuta kompyuta ambayo humu haikuwahi kuwamo.
Matundu hayalingani. Anapima, anatoboa, anapima tena:
sakafu kongwe haiitambui miguu ya wageni.

Chini ya benchi, punje za ngano, senti,
kibanio cha nywele.
Anakifuta kwa kidole gumba.

Paraska hakukaa dirishani hata siku moja.
Katikati, goti likigusa gia;
kila akitia namba mbili, Ostap aliliomba radhi goti lile.

Sasa katikati pana pengo la shibiri mbili.
Mbwa anaruka ndani, ananusa kushoto, ananusa kulia,
anajilaza palepale, juu ya chuma baridi.

"Mgongo hauumi," Ostap anamwambia,
na kwa mazoea anakunja kiwiko
kumpisha mtu.