Mkono wa Juu

Upinde wa Shangazi Raya nimeukuta stoo, Ibra,
nyuma ya tangi bovu na magodoro ya wageni,
umeegemezwa pembeni na upote wake mwilini
tangu mwaka aliokwenda Maskati kutibiwa jicho
asirudi kuuvua.

Kupinda ni kazi ya upinde, siulaumu kwa hilo.
Lakini huu umepotoka.
Nimefumba jicho moja, nikautazama kwa urefu
kama anayechungulia mwanzi:
upote unapanda vizuri hadi mkono wa juu,
hapo unaukataa mfuo wake, unateleza kushoto
kama mtu anayekwepa salamu.

Muhenna, mume wa dada, anasema tupa.
Ndiye aliyeutia upote Idi ile kwa paja,
mguu ndani, mguu nje, akijikamua mbele ya watoto.
Sijamwambia.
Anasema Dubai vipo vipya, vyepesi, rangi uitakayo.
Huu ni mbao tabaka tabaka chini ya ngozi ya nyuzi za kioo,
rika langu;
Mholanzi wa mafuta alimwachia Shangazi siku ya kufungasha,
kwa kilo nne za halua na doti ya kanga.

Julai hapa maji ya bomba hayahitaji jiko.
Nimefungua la baridi, likaniunguza kiganja,
nikaukosha mkono wa juu, nikauviringa taulo
robo saa.
Kisha kiganja kimoja kishikioni, kimoja nchani,
nikaupota kulia.
Si mpaka unyooke. Ukiishia kwenye kunyooka,
ukiachia tu, unarudi kwenye kilema chake.
Uvushe. Upotoe kidogo upande wa pili,
ukae nao hivyo mpaka upoe.
Nimekaa nao chini ya kiyoyozi, istighfari mia,
vidole vinaniwaka,
sikio nimelitega gundi isije ikalia.

Shangazi alipofika na sanduku moja kutoka Ng'ambo
Kiarabu chake kilikuwa kimekaa upande.
Alimwita jirani "mbwa wangu", akikusudia "moyo wangu",
kisomo kizima cha watu wazima kikamcheka.
Usiku akaizamisha qafu kooni,
chini kuliko wenyeji, chini kuliko kisima,
mpaka mwalimu akamwambia, basi, Raya, yatosha.
Ilipopoa ikarudi mahala pake.
Karibu na mahala pake.
Akikasirika ilimponyoka bado,
na hapo hakuna aliyethubutu kucheka.

Juzi, jana, leo: mara tatu.
Upote umekaa mfuoni.
Nasema umekaa; umebaki unene wa punje ya mchele
ambao sitaufuata tena.

Alasiri nimeuchukua nyuma ya nyumba.
Nimeutia upote kwa kamba yake maalumu,
nimeikanyaga kwa miguu yote miwili, nikavuta kishikio juu,
mikono yote ikapinda kwa pamoja, kama inavyostahiki.
Muhenna ametoka na kikombe cha kahawa,
amesimama kivulini, hasemi.
Gunia la majani ya mbuzi, hatua ishirini.
Nimeachia.

"Umekwenda kushoto," kasema.
Najua.
Nimesogeza mguu wa nyuma
nusu ya kandambili.