Hesabu ya Mkengeni

Siku ya sensa nilipewa kishikwambi,
kizibao cha rangi ya chungwa, na ramani
inayosema Mkengeni ni mtaa
ndani ya jiji la Dar es Salaam.
Mkengeni wenyewe haukuwa na habari.
Mbuzi walijilaza katikati ya njia
kama wenye hati.

Nyumba ya kwanza, Bi Tatu Chaurembo.
"Mkuu wa kaya ni nani?"
Alicheka hadi ushungi ukamdondoka.
"Andika mimi. Aliyekuwa mkuu
alikwenda Kariakoo kununua bawaba
mwaka ule wa foleni za sukari.
Mlango mpaka leo tunauegemeza."

Nikamuuliza ameishi hapa miaka mingapi.
Hapo ndipo chai yangu ilipopoa.

Alikuja Mdachi, alisimuliwa na bibi yake,
akataka pamba, akahesabu migongo.
Akaja Mwingereza akahesabu vibanda,
kila kibanda na kodi yake,
basi watu wakalala kumi na wawili chini ya paa moja
ili serikali ione paa moja.
Ikaja Operesheni na lori lake,
wakahesabu masufuria, wakasema:
kufikia Ijumaa mtakuwa kijiji.
Tukawa kijiji.
Tulipoanza kukizoea, akaja kijana kama wewe
na kigingi cha zege, akasema ni mtaa.
"Sijasogea hata hatua, mwanangu.
Nimehamishwa mara nne
nikiwa nimekaa kwenye mkeka huu huu."

Kishikwambi kilitaka tarakimu moja. Nikaweka sabini na tisa.

Nyumba ya tisa: Mzee Rweyongeza, mstaafu wa bandari,
ukuta wenye vigae vya chupa juu,
vyumba saba, watu wawili, mbwa watatu.
Nyumba ya kumi, ng'ambo ya ukuta huo huo:
Nantipi, mponda kokoto, vyumba viwili,
watoto akiwataja kwa vidole, kisha akasita,
"Ngoja, nimemruka Sijali,"
na Sijali amesimama mbele yetu
anakitazama kidole ambacho hakupewa.
Nyumba ya kumi na nne ni msingi tu,
umeandikwa kwa rangi nyekundu HAPAUZWI.
Hakuna aliyelala hapo.
Wenyewe ni watatu, na kesi iko Kigamboni.

Siasa sikutumwa kuiuliza. Ilinifuata.
Mwenyekiti Shomvi Kigwa, anayependa vina,
alinighania kampeni yake kibarazani,
nzima, bila kuombwa:

Nipeni kura jamani, nilete maji ya bomba,
Yafike hadi jikoni, kila ua, kila nyumba,
Na taa barabarani, usiku tuone simba,
Mkinitupa kapuni, visima mtavichimba.

Mizani ilitimia. Alishinda kwa kura kumi na saba.
Bomba nalo lilikuja, jeusi, lenye mstari wa bluu;
lingali limejikunja uani kwake
kama chatu aliyeshiba.
Simba hatujamwona, maana taa hazijawaka.

Asteria Nkwabi, aliyeshindwa, bado anatembea na daftari
akionyesha majina ya waliokufa waliopiga kura.
Nilimpelekea Bi Tatu habari hiyo. Hakushtuka.
"Wafu ndio wakazi wa kudumu wa hapa.
Ninyi wengine wote mnapanga."
Akaniashiria kwa kidevu kule makaburini,
ambako jiji limechora barabara ya njia nne.

Jioni mtandao ulikataa.
Nilipanda kichuguu nyuma ya zahanati
nikainua kishikwambi juu, nikakishusha, nikakiinua,
watoto wakidhani naswali vibaya.
Watu elfu mbili mia tatu na sita
walikuwa mkononi mwangu na hawakutaka kwenda.

Nikarudi kwa Bi Tatu kuomba maji.
"Umemwandika na yule wa bawaba?"
Nikamweleza: anaandikwa aliyelala hapa tu,
usiku wa kuamkia leo.
Alifikiri kwa muda mrefu.
"Basi andika hajalala."

Hakuna kisanduku cha jibu hilo.
Nikanywa maji, nikaaga,
nikaurudisha mlango kwa mikono miwili,
taratibu, nikauegemeza
kama nilivyoukuta.